Amri na Katazo

Hospitali ya Sydney, iliyoko katika mtaa wa Macquarie Street, ina nasaba ya kustaajabisha. Jengo lake la awali lilisimamishwa baina ya mwaka 1811 na 1816 na makandarasi ambao gavana Lachlan Macquarie, kwa kuwa hazina yake haikuwa na fedha za kuwalipa, aliwapa badala yake idhini ya kuingiza pombe ya ramu nchini. Na mabawa mawili ya jengo hilo yangalipo hata leo, moja likiwa ni sehemu ya Bunge la New South Wales, na la pili nyumba iliyopata kuwa kiwanda cha kufulia sarafu. Baina yao, mbele ya hospitali ya sasa, pamewekwa sanamu ya shaba ya nguruwe mwitu, na wapita njia huisugua pua yake kwa kutaka bahati mpaka imeng'aa kuliko mwili wake wote. Nami kila nipitapo pale huwaza kuwa, lau watu wangejua yaliyofanyika ndani ya viwanja vile kabla na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, baadhi yao wangeiacha pua ya nguruwe wakasimama kidogo kuitazama mikono yao wenyewe, jinsi inavyonyooka na kurudi.

Mwaka 1933 ilifunguliwa humo taasisi ya uchunguzi wa maradhi iliyojengwa kwa fedha za nyumba ya biashara ya Kijapani, kwa ukumbusho wa mwasisi wake, Fusajiro Kanematsu, aliyekuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kununua sufu ya Australia na kuipeleka Japani. Mwaka 1937 alikuja kuisimamia John Eccles, mzaliwa wa Melbourne, tabibu na mwanazuoni wa umri wa miaka 34 aliyekuwa Oxford tangu 1925. Haukupita muda akafuatwa na watu wawili waliokimbia Ulaya: Stephen Kuffler, Mhungaria aliyesomea utabibu Vienna na kuondoka huko mwaka 1938 Wanazi walipoitwaa Austria, na Bernard Katz, Myahudi mzaliwa wa Leipzig, aliyefika Sydney mwaka 1939 baada ya kukaa London. Suala walilokuwa wakilichungua, likitajwa kwa maneno machache, laonekana dogo mno kuwakusanya watu wa akili namna ile upande huu wa dunia: ujumbe unapofika ukingoni mwa mshipa wa fahamu, huvukaje kuingia katika msuli, au katika seli nyingine ya fahamu, ilhali baina ya viwili hivyo pana ufa? Ila ni katika ufa huo ndimo inamoamuliwa kama kiungo kitakwenda au hakitakwenda, na kama mtu ataumia au hataumia. Na yeyote atakaye kujua namna maumivu na miondoko ya mwili inavyopatanishwa hana budi kushuka mpaka hapo.

Mwalimu wa Eccles kule Oxford alikuwa Charles Sherrington, ambaye mwaka 1897 ndiye aliyeupa ufa huo jina la sinapsi, na ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1906 alilieleza kwa marefu na mapana tendo la mguu kujiondoa penye madhara. Tuchukue mtu anayetembea bila viatu juu ya miamba ya bandari ya Sydney, ambako chaza wameshikamana na mawe na maganda yao ni makali sawasawa na nyembe, naye akakanyaga ganda. Habari ya jeraha hushika njia mbili. Nyuzi nyembamba zilizovikwa utando wa mafuta huipeleka kwa kasi ya mita 5 hadi 30 kwa sekunde; na nyuzi nyembamba zaidi, zisizo na utando, huipeleka kwa mita 2 kwa sekunde au chini ya hapo, yaani kwa mwendo wa mtu aendaye kwa miguu. Hiyo ndiyo sababu kwanza huja mchomo mkali unaojulikana barabara mahali pake, kisha, baada ya kitambo ambacho mwenye kuumia aweza kukitambua, huja maumivu ya pili, mazito, yenye kuwaka na kutambaa. Mguu, hata hivyo, hauyangoji hata yale ya kwanza. Ndani ya ugwe upitao katika uti wa mgongo zimo seli za kati zinazoipokea habari ile na kuigawa papo hapo, na misuli inayokunja goti na nyonga huwa imekwisha kuamrishwa kabla ubongo haujapata nafasi ya kuuliza kumetokea nini.

Sherrington alilithibitisha hilo kwa wanyama ambao ugwe wao ulikuwa umekatwa na kutengwa na ubongo: mguu uliochomwa uliondoka vilevile, ingawa mnyama hakuwa na njia yoyote ya kuhisi mchomo. Kwa hiyo tunaposema, kama tusemavyo kila siku, kwamba maumivu ndiyo yaliyomfanya mtu aurudishe mguu wake, tunasema neno ambalo mwili wenyewe unalikanusha. Mwondoko na maumivu vimetoka katika habari moja, na kimoja hakikumzaa mwenziwe.

Hayo ni nusu ya mambo, nayo ni nusu iliyo nyepesi. Misuli ya mbele ya paja hulinyoosha goti na ile ya nyuma hulikunja, na ikiwa yote miwili itakaza kwa pamoja, basi mguu utakakamaa pale pale juu ya ganda na damu itaendelea kutoka. Wapasua mbao wa zamani, waliokuwa wakishika msumeno mrefu, mmoja juu ya gogo na mwenziwe chini shimoni, walijua kuwa msumeno hauendi mpaka mmoja aulegeze mkono wake wakati ule ule ambao mwingine anavuta. Ndivyo ifanyavyo ugwe wa mgongoni: habari ile ile ya jeraha inayoamrisha misuli ya nyuma ikaze huikataza misuli ya mbele isikaze, na katika mguu wa pili, ambao sasa umebebeshwa uzito wote wa mwili, amri na katazo hupinduliwa, ya mbele ikakaza na ya nyuma ikalegea, ili mtu asianguke kwa kuliepuka ganda. Yote haya hufanywa katika sehemu ndogo ya sekunde, bila ya mwenyewe kushauriwa.

Naona kwamba shani yote ya jambo hili imo katika katazo, na kwamba sisi, kwa kuwa tunaona kinachotendeka na hatuoni kilichozuiwa, tumekuwa tukiusifu mwili kwa fadhila yake ndogo. Mwenye shaka na autazame ugonjwa wa pepopunda, ambao watu wa pwani na bara wanaujua vyema, maana umewachukua watoto wachanga wengi waliokatwa kitovu kwa wembe usio safi. Sumu ya pepopunda haiongezi nguvu katika misuli, wala haiongezi amri. Hupanda kwa njia ya mishipa hadi katika ugwe, ikaziziba seli za katazo zisiweze kufanya kazi yao. Basi amri zote, ndogo na kubwa, zilizokuwa zikinyamazishwa tangu mtu alipozaliwa, hupita bila kizuizi, taya likabana, mgongo ukapinda, na mguso mdogo au mlio wa mlango ukatosha kuutia mwili mzima katika mkazo wenye maumivu yasiyosimulika. Huo ndio mwili wenye amri tupu.

Sasa katazo hilo hufanywa kwa kitu gani? Hapa ndipo ikhtilafu ilipozuka, na Sydney ikawa mojawapo ya viwanja vyake. Upande mmoja walisimama Henry Dale wa London na Otto Loewi wa Graz, waliopewa Tuzo ya Nobel pamoja mwaka 1936, wakishikilia kuwa mshipa wa fahamu, unapofika mwisho wake, humwaga dawa, na dawa hiyo ndiyo ivukayo ufa. Loewi alikuwa na mioyo miwili ya chura: aliuchochea mshipa unaopunguza mapigo ya moyo wa kwanza, akayachukua maji yaliyouzunguka, akayatia katika moyo wa pili, nao ukapunguza mapigo. Upande wa pili alisimama Eccles, kijana, mkali wa hoja, akisema kwamba dawa ni ya polepole mno kwa kazi ya haraka namna ile, na kwamba kivukacho ni umeme wenyewe. Mikutano ya wanazuoni wa Uingereza ilishuhudia wawili hao, Dale na Eccles, wakishambuliana kwa maneno makali mbele ya watu na kuandikiana barua za kirafiki nyuma yake, tabia ambayo ningependa niione zaidi katika mijadala yetu.

Katika taasisi ya Kanematsu watatu wale waliuchungua ufa ulioko baina ya mshipa na msuli, katika paka na katika chura. Walitumia kurare, sumu ya mishale ya watu wa Amerika ya Kusini, ambayo si ya jinsi moja na sumu ya mishale ya kwetu Afrika Mashariki, maana ya kwetu huushambulia moyo, na ile huunyamazisha msuli pasipo kuugusa mshipa. Wakatumia pia eserini, dawa itokanayo na kunde za Calabar za Afrika ya Magharibi, inayoikawiza ile dawa ya mwilini isiharibiwe upesi. Kuffler, aliyekuwa na mikono ya sonara, aliweza kuutenga uzi mmoja tu wa msuli wa chura ukiwa bado umeshikamana na mshipa wake mmoja, kazi ambayo wengi walidhani haiwezekani. Na kadiri vipimo vilivyoongezeka, ndivyo ilivyozidi kubainika kuwa, pale penye msuli angalau, Dale ndiye aliyekuwa na haki. Makala walizotoa pamoja mwaka 1941 na 1942 zimeandikwa kwa lugha ya upole, lakini msomaji aliye makini huona ndani yake bwana mkubwa akipunguza madai yake mstari baada ya mstari, na vijana wake wawili wakimtazama bila kusema neno.

Usiku wa tarehe 31 Mei 1942 nyambizi ndogo za Kijapani ziliingia katika bandari ya Sydney, zikaizamisha meli ya Kuttabul, wakafa mabaharia 21. Na umbali wa matembezi mafupi kutoka majini, jina la mfanyabiashara wa Kijapani lilikuwa bado limo katika jengo ambamo Mhungaria na Mwaustralia walikuwa wakipima mishipa ya chura. Katz mwaka huo alijiunga na jeshi la anga la Australia, akawa afisa wa rada. Mwaka 1944 Eccles alikuwa Dunedin, New Zealand. Mwaka 1945 Kuffler alikwenda Marekani. Hivyo ndivyo kundi lile lilivyotawanyika, baada ya miaka michache tu.

Eccles alikuwa amesalimu amri kuhusu msuli, ila hakusalimu kuhusu ugwe. Mwaka 1947 alitoa dhana iliyoeleza jinsi katazo linavyoweza kufanywa kwa umeme mtupu, na mwenyewe alisimulia kuwa dhana hiyo ilimjia ndotoni. Loewi naye alisema kuwa jaribio lake la mioyo miwili aliliota. Basi ndoto zilikuwa mbili, moja ya kila upande, na iliyokuwa nzuri zaidi kwa mpango na uzuri wa hoja ndiyo iliyokuja kuwa ya uongo. Lililomwokoa Eccles ni kukutana kwake, kule New Zealand, na mwanafalsafa Karl Popper, aliyemhimiza aiandike dhana yake kwa uwazi na ukali kiasi ambacho, kama ni batili, ubatili wake uweze kuonekana. Aliifanya kazi hiyo kwa uaminifu. Mwaka 1951, pamoja na Lawrence Brock na John Coombs, aliingiza mrija wa kioo wenye ncha isiyofika sehemu moja ya elfu ya milimita ndani ya seli moja ya ugwe wa paka, seli inayoamrisha misuli ya nyuma ya paja, kisha wakauchochea mshipa wa msuli wa mbele, ule ambao Sherrington alikwisha kuonyesha kuwa huikataza ya nyuma. Dhana ya Eccles ilisema kuwa alama ya umeme katika chombo ingekwenda upande mmoja. Ikaenda upande wa pili. Umeme hasi uliomo ndani ya seli, ambao wakati wa utulivu ni kiasi cha milivolti 70, ulizidi kuwa hasi, seli ikasogezwa mbali na kizingiti cha kuamrisha, na hapakuwa na kitu cha kuielezea hali hiyo isipokuwa dawa iliyomwagwa katika ufa. Eccles akaiacha itikadi aliyoipigania kwa takriban miaka ishirini, akawa miongoni mwa mabingwa wakubwa wa madhehebu ya Dale, na mwaka 1963 akapewa Nobel. Katz alipewa yake mwaka 1970, kwa kuonyesha kuwa dawa ile hutoka kwa vifurushi vilivyopimwa, kimoja kimoja, wala haimiminiki ovyo.

Bahari na bustani za Sydney zina walimu wengine wa somo hili, wasiohitaji maabara. Katika vidimbwi vya miamba hukaa pweza mdogo wa kutosha kiganjani, mwenye pete za buluu zinazowaka akighadhibika, naye hubeba sumu ile ile iliyomo katika samaki bunju, ambaye wavuvi wa Unguja na Mombasa huwakanya watoto wao wasimguse wala kumla. Kuuma kwake aghalabu hakusikiki. Lakini sumu huvifunga vilango vya sodiamu ambavyo bila yavyo ujumbe hauendi katika mshipa, na mtu, akiwa na fahamu zake, hulegea mpaka kifua kikashindwa kuvuta pumzi, na hapana dawa ya kumtibu ila kupumuliwa na wenzake hadi sumu iishe nguvu. Katika bustani za nyumba za kaskazini ya mji, hasa baada ya mvua, huzunguka dume la buibui mweusi ambaye sumu yake hufanya kinyume: vilango huviacha wazi visifungike, ujumbe ukarudiwarudiwa, maumivu yakawa makali, misuli ikatetemeka yenyewe, jasho na mate vikamwagika. Watu 13 wamehesabiwa kuwa walikufa kwa buibui huyo kabla ya dawa aliyoitengeneza Struan Sutherland kuanza kutumiwa mwaka 1981, na tangu hapo hakuna. Mmoja huua bila maumivu na bila mwendo, mwingine kwa wingi wa vyote viwili.

Ubongo nao si mtazamaji tu. Mama aliyeinua sufuria ya uji unaochemka, na mtoto anatambaa miguuni pake, haiachi sufuria ianguke ingawa vidole vyake vinaungua. Ataipeleka mpaka mezani, kisha ndipo atakapoirusha mikono na kulia. Nyuzi zishukazo kutoka katika shina la ubongo zimelizuia tendo la ugwe, na kwa muda zimeipunguza hata habari ya maumivu isipande. Daktari wa Kimarekani Henry Beecher, aliyewahudumia majeruhi wa vita nchini Italia mwaka 1944, aliona askari wenye majeraha makubwa ambao wengi wao, walipoulizwa, hawakutaka mofini. Wale waliojua kuwa wametoka vitani salama walikuwa na sababu ya kutoumwa ambayo jeraha lenyewe halikuijua.

Linalonishughulisha zaidi, kwa kuwa linawahusu watu wengi kuliko pweza na buibui, ni katazo lisilokubali kuondoka. Maumivu yanapokaa, mwili hujifunza kutembea kwa kuyazunguka. Watafiti wa Randwick, mashariki ya mji, katika taasisi ambayo Simon Gandevia ni mmoja wa waasisi wake, wameingiza maji yenye chumvi nyingi katika misuli ya watu waliojitolea ili kuleta maumivu ya muda, wakapima jinsi ubongo na ugwe vinavyobadilisha maagizo yao, wakakuta kwamba viwili hivyo havibadiliki kwa namna moja: kimoja chaweza kushuka nguvu wakati kingine kinapanda. Na Greg Murray na Christopher Peck wa Chuo Kikuu cha Sydney, waliochunguza maumivu ya taya, waliandika mwaka 2007 kuipinga kanuni iliyopendwa wakati huo, kwamba maumivu siku zote huupunguzia nguvu msuli unaouma na kuuongezea mpinzani wake. Katika mataya waliyoyapima kila mtu alikuwa na njia yake, kwa kadiri ya kazi aliyopewa, na ya maana ambayo maumivu yale yalikuwa nayo kwake.

Ng'ambo ya bandari, katika hospitali ya Royal North Shore, kipo kituo cha maumivu sugu kilichoasisiwa na Michael Cousins, ambako Michael Nicholas na wenziwe tangu miaka ya 1990 wamekuwa wakiwafunza wagonjwa ambao jeraha lao lilipona zamani na mgongo wao ungali umewakataza kuinama. Wazee wetu wa Afrika Mashariki waliohamia huku, ambao kwao ushauri wa heshima kwa mwenye kuumwa ni kuambiwa apumzike na watoto wamtumikie, aghalabu huyapokea mafunzo ya namna hii kwa mashaka, wengine kwa hasira, wakiona kuwa daktari hakuamini kuwa wanaumwa. Siwalaumu. Lakini kupumzika huko, mwezi baada ya mwezi, huliimarisha katazo badala ya kulitengua, misuli ikanyauka, na hofu ya kuinama ikachukua nafasi ya jeraha lililokwisha kufungika. Mgonjwa hupimwa kwanza ni muda gani aweza kutembea bila kujitia matatani, kisha hupewa kiasi kilicho chini kidogo ya hapo, na kiasi hicho huongezwa kwa ratiba iliyoandikwa, si kwa jinsi mgongo unavyosema siku ile. Aliyeandikiwa dakika tano hutembea tano, hata kama ameamka mzima na anajiona aweza kumi. Na juma lijalo, akiandikiwa sita, hutembea sita, hata kama mgongo unanung'unika tangu alfajiri.